Kazi ya Sanaa Ikikwama: Kutafuta Chanzo, Dalili kwa Dalili

Mtu akipeleka injini ya boti kwa fundi pale mwaloni Kibirizi, fundi huanza na maswali. Ilizimika ghafla au ilikohoa kwanza? Mafuta uliyapata wapi? Plagi ulibadilisha lini? Hamwambii mwenye boti kwamba hana bahati na ziwa. Anatafuta kitu kimoja kilichoharibika, na mara nyingi ni kidogo.

Jumamosi alasiri huwa tunakutana watu sita au saba nyuma ya duka ninalofanyia kazi hapa Mwanga, Kigoma. Mimi naandika hadithi. Wengine wanachora, mmoja anatunga nyimbo za kwaya, mmoja anaandika majina ya maboti na kuyapamba kwa rangi. Maneno niliyoyasikia mara nyingi kwenye benchi lile ni mawili: "sina kipaji" na "mimi mvivu." Siyaamini tena. Karibu kila mara tukikaa na mtu tukamhoji kama fundi anavyohoji, tunakuta kasoro ya saa, ya mahali, ya kiwango au ya namna anavyojihesabia. Na chini yake tunakuta kwamba kazi yote aliiegemeza kwenye lengo, mazoea hakuyajenga.

Ninaposema lengo, nina maana ya "riwaya iishe kabla ya Krismasi." Ninaposema mazoea, nina maana ya "nikishaswali alfajiri nakaa kwenye stuli ya jikoni na daftari, robo saa." Ya kwanza huwezi kuifanya leo. Ya pili unaweza, na ikikwama unaweza kuikagua uone imekwama wapi.

"Nilianza kwa kasi, wiki ya tatu nikaacha"

Hii ndiyo inayoletwa zaidi, na mimi mwenyewe ilinipata. Mwaka mmoja niliapa mwezi wa kwanza kwamba ikifika Sabasaba nitakuwa na mswada kamili. Nikapiga hesabu: kurasa nne kila siku. Siku tisa za mwanzo zilikwenda vizuri. Siku ya kumi mtoto alishikwa na homa, tukalala hospitali siku tatu. Siku ya kumi na tatu nilirudi mezani nikiwa na deni la kurasa kumi na mbili, na nne za siku hiyo juu yake. Nikaandika mbili. Kesho yake sikuandika hata moja. Mwezi wa pili ulipoanza nilikuwa nimeliweka daftari chini ya godoro, kwa sababu kuliona tu kulinitia aibu.

Chanzo: kiwango nilikipimia siku nzuri. Kisha nikakigeuza deni, na deni lilipokua nikawa namkimbia anayenidai, naye alikuwa daftari langu mwenyewe.

Kipimo cha kuthibitisha ni rahisi. Jiulize: siku nimetoka mazikoni, siku malaria ndiyo kwanza inapungua, siku mzigo umeshushwa dukani na mgongo unauma, siku umeme umekatika tangu magharibi, je, kiwango hiki ningekiweza? Kama jibu ni hapana, umeshajua kasoro iko wapi.

Tiba: punguza. Endelea kupunguza mpaka uone haya kumtajia mtu. Mimi nilishuka hadi mistari mitano kwa mkono. Siku nikitaka kuendelea naendelea, lakini mitano ikitimia nimemaliza kazi ya siku. Na ukiruka, deni lifutwe. Ya jana hailipwi leo. Kwa mwendo huo mswada wangu ulifika kurasa 180, ikanichukua miezi ishirini. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, nami nilikuwa nimeusikia msemo huo tangu utotoni bila kuupima hata siku moja.

Kuna sababu ya pili inayowafanya watu waache wiki ya tatu: wameambiwa mazoea hujengeka kwa siku 21. Namba hiyo watu huitoa kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa Marekani, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya baada ya upasuaji. Kuizoea sura kwenye kioo na kukaa chini kila siku kutunga ni mambo tofauti kabisa. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea zoea moja dogo, kama kula tunda au kutembea, na wakachapisha matokeo mwaka 2010. Mtu wa katikati alihitaji siku 66. Kwa makadirio yao, wa haraka alihitaji siku 18 na wa taratibu 254. Kwa hiyo kama siku ya 30 bado unajikokota kwenda mezani, hujaharibu kitu. Uko njiani, na pengine hujafika hata nusu.

"Nasubiri msukumo, hauji"

Alikuja dada mmoja mtunzi wa mashairi, anayefanya biashara ya dagaa.

"Shikamoo kaka. Siku hizi maneno hayaji kabisa."

"Marahaba dada. Huwa unayangojea wapi?"

"Popote tu."

"Saa ngapi?"

"Nikipata nafasi."

Hilo "nikipata nafasi" lilitosha. Nafasi haipatikani kwa mtu mwenye watoto, biashara na jirani mgonjwa. Kazi isiyo na saa wala mahali itasukumwa na kila kitu chenye saa na mahali.

Tiba ni kuifunga kazi yako kwenye jambo ambalo tayari linatokea kila siku bila kukuomba ruhusa: adhana, birika la chai, kufunga duka. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, amelichunguza jambo hili tangu miaka ya 1990. Alikuta kwamba mtu anayepanga kwa namna ya "likitokea hili, nitafanya lile" hutimiza zaidi kuliko anayesema tu "nitajitahidi." Yule dada tulimwuliza siku yake inavyokwenda, tukaona nafasi imelala pale pale. Asubuhi maboti yakishaingia, anaanika dagaa, kisha anakaa kuwalinda dhidi ya kunguru na kuwageuza. Muda huo alikuwa akiumalizia kwenye simu. Tukakubaliana: akishamaliza kuanika, kabla hajagusa simu, atunge mshororo mmoja tu wa mizani kumi na sita, nane kwa nane. Mshororo mmoja unaweza kuuzungusha mdomoni huku mikono inageuza dagaa. Siku nne ni ubeti wa tarbia, ule wa mishororo minne.

Masika yalipoanza akakwama tena, maana mvua ikinyesha hakuna kuanika. Hilo tulipaswa kulijua mapema. Sasa ana mahali pa pili, chini ya paa la ghala, juu ya gunia. Kila zoea linalotegemea hali ya hewa linahitaji mahali pa akiba, na pachaguliwe kabla mvua haijaanza.

"Nimeruka siku mbili, basi nimeshaharibu"

Chanzo cha hii ni namna ya kuhesabu. Mtu ameweka alama ukutani kila siku, amefika thelathini na saba mfululizo, amesafiri kwenda Kasulu msibani, mfululizo umekatika, na kwake thelathini na saba zote zimekuwa sifuri. Wale watafiti wa London waliliangalia hata hilo: kuruka siku moja hakukupunguza kwa kiasi cha maana ujengekaji wa zoea. Kinachoua ni uamuzi unaofuata, ule wa kusema "basi tena."

Hapa Kigoma hatuhitaji mtafiti atufundishe kuhesabu vizuri. Dagaa wa ziwa letu, Tanganyika, huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu ya kuwavuta, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanaziba mtumbwi, wanakaa na familia. Giza likirudi, wanarudi. Sijamsikia mtu akisema fulani ameacha uvuvi kwa sababu hakwenda ziwani wakati wa mbalamwezi. Hesabu yao ni ya mwezi mzima.

Nami nahesabu hivyo. Siku ishirini ndani ya mwezi kwangu ni mwezi mzima. Hizo nyingine ni za mbalamwezi: nasoma nilichoandika, nanunua kalamu, napanga karatasi, au sifanyi kitu. Tangu nianze kuhesabu hivi, misiba na safari hazijawahi kunitoa nje ya kazi. Zinaingia ndani ya siku ambazo tayari nilizitenga. Tahadhari moja tu: siku ya kurudi ijulikane. Mvuvi anajua giza linarudi lini.

"Nilikuwa nafanya kila siku, ghafla imekufa"

Ukaguzi wa hii ni swali moja: zoea hilo lilikuwa la nani? Mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Yule kijana wetu anayepamba maboti alikuwa na uhakika kwamba ana mazoea imara, maana kila siku alikuwa na brashi mkononi. Fedha ilipokauka mwaloni, oda zikakoma, na wiki ya pili mkono wake ukawa umetulia kabisa. Kumbe waliokuwa wakimwamsha ni wateja.

Alichofanya kilikuwa kidogo na nakipenda sana. Kila jioni alichora herufi moja, ukubwa wa kiganja, kwenye vipande vya mbao laini alivyookota kwa fundi seremala. Wiki nzima "M" tu. Wiki nyingine "R" yenye mkia. Hakuna aliyemlipa. Ziwa lilipofunguliwa alikuwa na mwandiko wake mwenyewe, na leo ukipita ufukweni unaweza kuutambua kabla hujalisoma jina. Kama kazi yako ya sanaa ndiyo inayokulisha, tenga sehemu ndogo ambayo hakuna mteja anayeweza kuifuta.

"Nafanya kila siku, lakini hakuna kinachotokea"

Hapa nenda polepole, kwa sababu dalili hii ina vyanzo viwili vinavyofanana kwa nje na tiba zake zinapingana.

Chanzo cha kwanza: hakuna kasoro. Matokeo unayoyangoja hayako mikononi mwako, na bado hayajafika. Kaskazini mwa mji wetu, mwendo wa boti, kuna Gombe, hifadhi ya sokwe. Jane Goodall, mtafiti Mwingereza, alishuka pale Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 26. Miezi ya mwanzo sokwe walimkimbia. Akiwasogelea tu, wanapotea msituni. Akaugua malaria. Angekuwa amejipimia kwa lengo la kugundua jambo kubwa, angeandika sifuri kila jioni. Lakini alikuwa na jambo analoliweza: kupanda mlimani alfajiri, kukaa mahali pale pale panapoonekana na darubini, kuandika alichokiona hata kama ni kidogo, kushuka. Kidogo kidogo wakamzoea. Mwishoni mwa mwaka ule alimwona sokwe dume, aliyempa jina la David Greybeard, akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu na kuvuta mchwa. Mpaka wakati huo wataalamu walikuwa wakisema kutengeneza na kutumia zana ni jambo la binadamu peke yake. Goodall alifariki mwaka 2025, na uchunguzi wa Gombe bado unaendelea, daftari juu ya daftari.

Kwa hiyo orodhesha unachokisubiri. Mchapishaji akubali, watu wanunue, wimbo upigwe redioni, mwalimu asifu: hao ni sokwe, watakuja au hawatakuja. Kupanda mlima ni kwako. Kama umekuwa ukipanda kweli, endelea, usibadilishe kitu.

Chanzo cha pili ni kigumu kukikubali. Zoea lipo, lakini linazunguka mahali pamoja. Nilikaa miezi minne nikiwa mtiifu kabisa, kila alfajiri robo saa, nikiandika upya ukurasa wa kwanza wa hadithi ile ile. Saa ilitimia, alama niliweka, hadithi haikuwahi kufika ukurasa wa tatu. Mtunzi wetu wa kwaya naye alikuwa hivyo kwa namna yake: kila siku kinanda, kila siku nyimbo anazozijua tayari, na akainuka ameridhika. Huku ndiko kunakonifanya nisikubaliane na wanaosema malengo yatupwe kabisa. Robo saa yangu ilikuwa haijui inaelekea wapi. Mvuvi wa usiku anafanya kazi ya mikono yake, kamba kwa kamba, na bado anatazama mlima na taa za nchi kavu ajue yuko wapi.

Kuthibitisha kama unazunguka, chukua kazi ya leo na ya siku kama ya leo mwezi uliopita, uziweke pamoja. Kama huwezi kusema ni kitu gani cha leo ambacho mwezi uliopita hukuwa nacho, unazunguka. Tiba zilizotusaidia: nilijikataza kurudi nyuma siku za kazi, kazi ya kusahihisha nikaipa siku yake, Ijumaa peke yake. Namaliza kila siku kwa kuandika sentensi ya kwanza ya kesho, ili kesho nianzie mbele. Mtunzi wa kwaya alijiwekea sharti la vipande vinne vya sauti ya tatu ambavyo havipo kwenye wimbo wowote anaoujua, ndipo apige anachopenda. Na sote tunaleta kitu Jumamosi, hata kibovu. Sikio la mtu mwingine hugundua mzunguko mapema kuliko lako.

"Nilimaliza, tangu hapo nimekauka"

Hii hutokea baada ya furaha: albamu ya kwaya imezinduliwa, mswada umepelekwa, maonyesho yamefanyika. Lengo lilikuwa ndilo linalokuamsha, na sasa limetimia, hakuna wa kukuamsha. Kesho yake, saa ile ile, kaa pale pale na ufanye kiwango chako cha siku mbaya juu ya kitu chochote. Usingoje wazo kubwa la pili. Waliopumzika "mpaka nipate wazo" ndio tuliokuja kuwatafuta majumbani baada ya mwaka.

"Nyumbani hawanipi nafasi"

Kabla ya kulaumu, uliwaambia? Wengi wetu tunaandika kwa siri, kisha tunakasirika tukiitwa. Nilimwambia mke wangu saa na muda kamili: nikishaswali alfajiri, robo saa. Robo saa inaheshimika nyumbani kwa sababu watu wanaona mwisho wake. "Naandika, msinisumbue" haina mwisho, kwa hiyo haiheshimiki.

Wakati wa kutoutumia mwongozo huu

Ukiwa kwenye msiba wa mtu wako wa karibu, ukiwa mgonjwa, ukiwa na mtoto mchanga, ukiwa na usiku mwingi mfululizo wa kukosa usingizi na dunia yote imepoteza ladha, usikague mazoea. Mwone daktari, kaa na ndugu zako. Daftari litangoja.

"Niliacha miezi mingi, siwezi kurudi"

Mara nyingi mtu anadhani hamu imekufa. Tukimkalisha na kazi yake ya zamani tunakuta hamu ipo, ila hajui alikuwa anaelekea wapi. Jina la mhusika limesahaulika, rangi aliyochanganya hakuiandika, ubeti umeishia katikati. Anaona kazi ya kuelewa upya ni kubwa kuliko kuanza kingine.

Sote hapa tunaijua MV Liemba. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa Kigoma. Mwaka 1916, Wajerumani walipolazimika kuondoka, waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito. Ilipoinuliwa mwaka 1924, mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli ilirudi kazini ikiwa na jina tunalolijua.

Kama umeshaacha bila grisi, jipe wiki moja ya kusoma tu. Usiandike, usichore. Soma au tazama kazi ya zamani kwenye saa yako na mahali pako pa kawaida, ukiandika pembeni kila kinachokurudia. Siku ya nane anza na kiwango cha siku mbaya. Na kuanzia sasa, kila unapojua utaondoka, paka grisi: uko wapi, ulitaka kufanya nini baada ya hapo, kitu gani kinakusumbua.

Alhamisi napanda treni kwenda Tabora kwenye harusi ya binamu yangu, na sitarudi kabla ya siku kumi. Asubuhi ya leo nimeandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari: "Bi mkubwa yuko mlangoni, hajabisha hodi. Ana barua, lakini hajui kusoma na hataki mwanawe ajue. Nikirudi, abishe."